Umri wa Mpira

Wako wanaodhani kwamba taabu ya kuandaa siku ya mpira wa miguu kwa watoto ni kupata vifaa. Vifaa hupatikana. Uwanja mmoja wa watu wazima, wa mita 105 kwa 68, ukigawanywa kwa mistari ya majivu hutoa viwanja vinne vya watoto, saba kwa saba. Magoli ni ya mianzi, na mianzi Iringa haiadimiki, maana ndiyo hiyo itupayo ulanzi. Akina mama hupika makande. Mkulima wa Uyole hutoa gunia la viazi. Muuguzi hutoa siku yake ya mapumziko. Kijana mwenye pikipiki hufuata maji. Ratiba huandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Hakuna anayelipwa. Kazi zote hizo ni za mikono na miguu, na jioni zimekwisha.

Taabu yenyewe iko mezani, pale wanapoandikishwa. Mtoto anakuja, na nyuma yake amesimama kocha, au mjomba, au baba. Twamwuliza swali moja dogo: "Una miaka mingapi?" Mtoto hatutazami sisi. Humtazama kwanza aliyemleta, ndipo hujibu.

Jambo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi ni hilo: mtoto kumtazama mtu mzima kabla ya kusema umri wake mwenyewe. Je, sisi tunaoketi mezani, tusio polisi wala mahakimu, yatupasa kufanya nini?

Neno lenyewe lajulikana. Watu wa mpira husema "umri wa mpira", na hulisema wakicheka, kana kwamba mtu huzaliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mama yake na mara ya pili kwa kocha wake. Aliyezaliwa kwa kocha huwa mdogo daima kwa miaka miwili mitatu. Twacheka sote, maana kila mmoja wetu amjua angalau mtu mmoja wa namna hiyo. Lakini mchezo huu umewahi kuliliza taifa. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika. Wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri, na Zimbabwe wakaenda mahali pao. Jina la kijana huyo halina haja hapa. Yeye alikuwa kijana, na waliomwandikisha walikuwa watu wazima. Wafikirieni wenzake, waliokuwa na umri wao halali, walioahidiwa ndege na jezi za taifa, wakaambiwa wafungue mabegi yao.

Kisha mwaka 2017 gurudumu likageuka. Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa, walishindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja apimwe umri. Wakaondolewa, na Serengeti Boys wakaenda Gabon. Safari hii tulishangilia. Hatukusikia wengi wakiwahurumia watoto wa Brazzaville waliobaki nyumbani bila kosa lao. Haki ikianguka upande wetu huwa hatutazami imemwangukia nani upande wa pili.

Huko juu walikuwa na mashine. Katika mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 2009, yaliyofanyika Nigeria, FIFA ilianza kupiga picha za kifundo cha mkono ili kuona kama mfupa umekwisha kuungana. Ukiwa umeungana kabisa, ni karibu yakini kwamba mwenyewe amepita miaka 17. Basi hicho ni kipimo cha watu wa miaka 17. Kwa mtoto asemaye ana miaka 11, na huenda ana 13, mashine hiyo haina la kusema, hata kama tungeweza kuinunua. Nasi nyavu za magoli zenyewe tumeazima.

Je, karatasi? Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Tanzania Bara wenye vyeti vya kuzaliwa walikuwa wachache mno, chini ya mmoja katika kila watano. Mwaka 2013 RITA walianzia mkoani Mbeya utaratibu mpya wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye kliniki na ofisi za kata, habari zikitumwa kwa simu. Iringa na Njombe zikafuata mwaka 2016. Ni kazi njema ambayo haikusifiwa inavyostahili. Watoto wa kwanza kuandikishwa hivyo Mbeya wengi wao leo wako sekondari, na vyeti vyao vimo katika mifuko ya nailoni juu ya kabati. Lakini si wote. Mtoto aliyehamia na wazazi wake kufuata malisho, mtoto aliyelelewa na bibi, mtoto ambaye mama yake alifariki na kadi ya kliniki ikapotea, hawa huja mikono mitupu. Na cheti kilichoombwa mtoto akiwa na miaka 10 hujazwa kwa maneno ya mzazi. Muhuri wa serikali haugeuzi maneno hayo kuwa kitu kingine.

Nasi wa kanisani tunalo daftari la ubatizo, lenye safu ya tarehe ya kuzaliwa. Zamani ndilo lililokuwa cheti cha wengi, na hata sasa wako wanaokuja kuomba barua itokayo katika daftari hilo. Asomaye kurasa zake za kale huona jinsi tarehe zilivyopatikana: mama alikumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna, au baridi ilipokuwa kali, na mwandishi akachagua siku. Hapo hapana uongo, ni watu waliokuwa wakihesabu mambo mengine kuliko siku. Ila wako pia wanaouliza kwa sauti ya chini kama barua haiwezi kuusogeza mwaka mbele kidogo. Husema hivyo, "kidogo tu", kama mtu aombaye chumvi.

Yabaki macho. Wazee wanakikumbuka kipimo cha kuingia darasa la kwanza: mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, aliingia. Wako waliongoja mwaka mwingine mzima kwa sababu ya mkono mfupi, na mpaka leo husimulia kwa kicheko kisichokamilika. Kipimo hicho kilikuwa na adabu moja, kwamba hakikumlazimisha mtoto kusema lolote. Lakini kilipima mwili, hakikupima miaka, na miili ya watoto wetu ina habari yake.

Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Iringa watoto kama 57 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Hakuna mkoa uliozidi huo. Njombe ni kama nusu. Hesabu ya nchi nzima ni 30. Na hii ndiyo mikoa iwalishayo wengine mahindi na viazi! Chakula kimo ghalani, lakini mtoto mchanga hupewa uji mtupu, na mama yake yuko shambani tangu alfajiri. Sasa keti mezani petu, msomaji, upime umri kwa macho. Mtoto mfupi hupita bila swali, ingawa ana miaka 14. Mtoto aliyelishwa vema, mwenye miaka 11 kamili, huvutwa kutoka mstarini: "Wewe baba, nenda kacheze na wenzako." Watu hucheka. Hakusema uongo wowote, wala mama yake hakusema. Amefukuzwa kwa kosa la kula.

Kwa hiyo mashine haitufai, karatasi haitoshi, na macho hudanganya. Na bado asubuhi ya siku yenyewe, saa mbili, wakati ukungu haujaondoka, malori ya watoto yamekwisha kufika, na lazima tuseme nani acheze wapi.

Katika kamati za kujitolea mabishano haya hayaishi. Tulimsikia mwalimu mmoja mstaafu akizungumza na kocha mmoja kijana juu ya mvulana aliyeletwa kutoka upande wa Mbarali, mchunga ng'ombe, ambaye mpira wake wa kila siku ni wa matambara na kamba. Aliandikwa miaka 12, na ndevu zilikuwa zimeanza kuchungulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, Mwalimu."

"Ya nani?"

Kocha akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, nikimrudisha huyu, hana siku nyingine. Watoto wana siku yao, wakubwa wana ligi yao. Yeye yuko katikati, hakuna anayemwita. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kugusa mpira wa ngozi."

"Kijana wangu, nimekusikia. Na yule mdogo atakayesukumwa naye, ambaye pia leo ni mara yake ya kwanza, siku yake nyingine ni ipi?"

Kocha hakujibu, naye mwalimu hakumhimiza ajibu.

Sisi twaona kwamba katika maneno hayo machache kila mmoja ameshika upande wake wa kweli, na wala hazilingani. Tuanze na ya mwalimu, kwa sababu ndiyo isahauliwayo upesi. Watu wakiuliza ubaya wa umri wa mpira hujibiwa kwamba unaiba kombe. Kombe ni bati. Mwakani litashindaniwa tena. Kiibiwacho ni zamu ya mtoto mmoja aliyekaa nje, au aliyeingia akaogopa kuukaribia mpira kwa sababu mbele yake amesimama mtu wa mabega. Mtoto huyo ana miaka 11 mwezi huu wa Juni. Juni nyingine hatakuwa nayo tena. Tena hajui kwamba ameibiwa. Yeye hudhani kwamba hawezi mpira, naye hurudi nyumbani na dhana hiyo, na pengine huishi nayo. Mwizi wa kuku angalau humwachia mwenye kuku hakika kwamba kuku walikuwapo.

Wala tusifikiri kwamba mstari wa tarehe ukishikwa sawasawa haki imekamilika. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba katika mpira wa magongo wa barafuni wachezaji waliofika juu wengi wao walizaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Sababu ilikuwa mstari wenyewe: aliyezaliwa Januari huwekwa kundi moja na aliyezaliwa Desemba, naye amemzidi karibu mwaka mzima wa kukua. Makocha wakaona nguvu, wakadhani ni kipaji. Hayo ni mahali ambapo kila mtoto ana cheti. Tunayataja ili anayesema "kanuni ni kanuni" ajue kwamba hata kanuni safi humwumiza mtu, na kwamba atakuwa ameketi kimya tu bila kumwona.

Ya kocha ndiyo ituelekezayo mahali uongo utokapo. Kuna uongo wa tamaa, nao tutausema. Lakini mwingi tunaouona mezani ni wa mtu aliyetafuta mlango akakuta ni mmoja, mfupi, akamwinamisha mtoto ili apite. Vilabu vyetu vya kujitolea hupenda watoto wa chini ya miaka 12, maana wanapendeza, hula kidogo na hawabishani na mwamuzi. Kisha huruka mpaka vijana wa timu kubwa, wale wanaotamani kuonekana siku moja kwenye uwanja wa Sokoine au wa Samora. Wa miaka 13, 14 na 15, waliomaliza darasa la saba au walioacha shule, wenye miguu mirefu wasiyojua pa kuiweka, hao hawana siku. Kuwaita waongo kabla ya kuwapa siku yao twaona si haki.

Uongo wa tamaa ni habari nyingine. Wasomaji wetu wanaijua habari ya Yakobo na ngozi za wana-mbuzi. Mara nyingi humsema Yakobo na kumsahau Rebeka. Aliyeifikiri hila, aliyepika, aliyemvika mwanawe zile ngozi, alikuwa mama, na alifanya hivyo kwa kumpenda. Hila yenyewe ilikuwa ya umri, mdogo kujitia mkubwa. Yetu ni kinyume chake tu. Na kijana hakusita kwa kuwa ni uongo, alisita kwa kuwa aweza kushikwa. Ndivyo afundishwavyo mtoto anayemtazama mjomba wake kabla ya kutujibu. Hajifunzi kwamba umri wake ni jambo la aibu. Hujifunza kwamba ukweli ni jambo la kuuliza kwanza kama unafaa leo. Mwaka ujao ataulizwa na mwalimu, baadaye na ofisi ya kitambulisho cha taifa, naye atakuwa na majibu mawili mfukoni.

Twaona pia kwamba katika habari ile palikuwa na zawadi ya mmoja tu. Sisi tuna mbuzi. Kila mtu wa huku aijua ligi ya mbuzi, na hatuisemi vibaya. Imewakutanisha vijana wa vijiji vingi. Lakini mbuzi akifungwa kwenye mti kando ya kiwanja cha watoto wa miaka 11, akawa analia tangu asubuhi, watu wazima wote husahau wamekuja kufanya nini. Tumewaona watu wa heshima, wazee wa mtaa, wakibishana juu ya meno ya mtoto kana kwamba wananunua punda. Watoto wenyewe hawakuwa na shida na mbuzi. Walitaka kucheza na kula.

Kwa hiyo shauri letu kwa walio katika kamati, kuanzia Mbeya hadi Makambako na Iringa, si kuongeza wakaguzi. Ni kupunguza faida ya kudanganya mpaka isifae taabu yake. Mbuzi achinjwe mapema, awe wa wote. Kwa wadogo, timu zichanganywe kwa kura: mtoto wa Mbalizi acheze na wa Mafinga, wabadilishwe kila baada ya mechi mbili. Hapo kocha hana sababu ya kumficha mkubwa, kwa kuwa hajui atakuwa upande gani. Wa kati wapewe kundi lao, hata kama ni mchana wakati wa jua kali, hata kama ni kiwanja chenye mteremko. Na penye mashaka, aulizwe aliyemleta mtoto, pembeni, kwa heshima, wala si mtoto mbele ya watu. Akishikilia neno lake, tulipokee. Tutadanganywa mara kadhaa. Twaona ni nafuu kudanganywa na mtu mzima kuliko kumfukuza mtoto mmoja aliyesema kweli.

Tunajua shauri hili lina hasara. Kijiji kilichochanga nauli ya lori kimetuma timu yake, kikitaka kuiona ikishinda kama timu, na fahari hiyo si dhambi. Mzazi aliyesafiri kutoka Ludewa hataki kumwona mwanawe amevaa jezi moja na mtoto wa jirani asiyemjua. Makocha wengine wametuambia waziwazi kwamba hawatakuja. Tumewajibu kwamba wa miaka 13 na kuendelea wabaki na timu zao, waje na karatasi walizo nazo, cheti, kadi ya kliniki, au barua ya mwalimu mkuu, na hapo washindane kwa nguvu zote. Baadhi wameridhika.

Mvulana wa Mbarali, kwa wale watakaouliza, alicheza. Mwalimu alimwita kando, wakazungumza juu ya ng'ombe kwa muda, kisha akampa kitambaa na kumweka awe mshika bendera wa mstarini asubuhi. Mchana waliokotwa wakubwa wenzake kumi na watatu kutoka kwenye umati, wakagawanywa saba kwa saba, wakacheza dakika arobaini. Alifunga mawili. Hakuna aliyemwuliza tena umri.

Juu ya mbuzi tumekwisha kukubaliana. Juu ya kombe kamati bado imegawanyika, na mwalimu ameahidi kuleta hoja yake kwa maandishi.